Gharama ya binti wa mwisho kufika darasani

Mjadala wa kuwasomesha wasichana walio pembezoni katika nchi zinazoendelea hukwama kwenye gharama kwa kila mwanafunzi. Wanaogawa bajeti wana hoja: binti anayeishi mbali, mwenye ulemavu au aliyekwisha kuzaa anahitaji usafiri, bweni, pengine na mtu wa kumlelea mtoto. Kwa fedha hizo hizo ungewaandikisha kadhaa wanaokaa jirani na shule. Hesabu hiyo ni sahihi, ila imeanzia katikati.

Kuna aliyelipa kabla ya serikali. Fikiria nyumba ambayo binti wa miaka 12 ndiye wa kwanza kuamka. Anachota maji, anawasha moto, kisha anambeba mdogo wake mgongoni mpaka mama arudi shamba. Akienda shule, kazi hizo zote zinamrudia mama, ambaye siku yake imeshajaa. Hata ada ikifutwa, mzigo huo uko palepale. Na faida itakuja baada ya miaka kumi, mara nyingi katika nyumba ya mumewe. Mzazi anayesita hapo tusimwite mjinga. Amepiga hesabu zikakataa.

Ndiyo maana kila mara narudi kwenye jimbo la Bihar, India. Mwaka 2006 serikali yake ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 fedha za kununulia baiskeli. Wanauchumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipoichunguza programu hiyo, walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa takriban asilimia 30, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwenye vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shule ya sekondari. Hiyo kilomita 3 hainitoki kichwani. Wazazi wale wale, mila zile zile; njia ilipokuwa fupi, mabinti wakaenda.

Wanaosema kuandikishwa si kujifunza nawaunga mkono. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma hadithi fupi na kuielewa. Baiskeli inayomfikisha mtoto kwenye darasa lisilo na mwalimu ni hasara tupu, basi na mwalimu agharamiwe.

Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba, kati ya vifo milioni 8.2 vya watoto wa chini ya miaka 5 vilivyoepukwa kati ya 1970 na 2009, karibu nusu viliepukwa kwa sababu wanawake walisoma zaidi. Matunda hayo huonekana wodini, ilhali gharama yote imebebeshwa wizara ya elimu, nayo ndiyo inayolaumiwa kwamba msichana wa mbali ni ghali. Ningependa kuona bweni lake likichangiwa na fungu la afya.