Mzazi "asiye na ushirikiano" anapimwa kwa nini hasa?

Nchini Marekani, mtoto akianzishiwa dawa za ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, mzazi naye huanza kuhesabiwa. Kipimo cha HEDIS, kinachokagua ubora wa huduma za mipango ya bima ya afya, kinataka mtoto arudi kliniki ndani ya siku 30, kisha mara mbili zaidi katika miezi 9 inayofuata. Kliniki nyingi pia humpa mzazi fomu ya Vanderbilt yenye maswali 55 kuhusu dalili na maendeleo ya mtoto. Miadi ikipita au fomu isiporudi, ni rahisi kuandika kwenye faili kwamba mzazi hana ushirikiano.

Wanaotaka kupima wana hoja nzito. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 4 na 5 aanze na mafunzo ya malezi kwa wazazi, kabla ya dawa. Hapo tiba yenyewe ni mzazi. Asipofika, mtoto hajatibiwa. Tena kauli yake pekee haitoshi. Katika utafiti wa MTA, uliolinganisha tiba za ADHD kwa watoto 579, watafiti waliwapima mate waliokuwa wakipewa dawa. Karibu robo ya sampuli zilionyesha dawa haikunywewa ilivyopangwa, ilhali taarifa za wazazi zilipendeza zaidi. Siwaiti waongo. Nani atakuwa na hamu ya kumweleza daktari kwamba kidonge kilitemwa huku basi la shule likipiga honi nje?

Lakini mahudhurio hupima pia nauli, zamu za kazi na uvumilivu wa bosi. Na kuna jambo linalosahaulika mno: ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa, tafiti za mapacha zikikadiria asilimia 70 hadi 80. Kwa hiyo yale maswali 55 yanaweza kuwa mikononi mwa mtu ambaye naye hupoteza karatasi, husahau tarehe na huacha mambo nusu. Kumpa alama mbaya ni kumwadhibu kwa dalili zake. Upande mwingine yupo anayehudhuria kila kikao, fomu zake safi, na nyumbani ni makofi na matusi. Yupo pia mama aliyesoma, akauliza, akaamua kusitisha dawa kwa sababu mtoto hali chakula wala halali usingizi. Kwenye hesabu ya miadi huyu ni sifuri.

Tangu 2004 kuna kipimo cha mtafiti Judith Hibbard na wenzake kinachouliza maarifa, ujuzi na kujiamini kwa mgonjwa, na kina toleo la wazazi. Kinakaribia zaidi kiini cha jambo, ingawa nacho hutegemea kauli ya anayejibu.

Mimi naunga mkono kupima, ila si kwa alama inayobaki shingoni mwa mzazi. Kila palipoandikwa "hakuja", paandikwe pia kwa nini, na kliniki ilifanya nini baada ya hapo: ilipiga simu jioni, ilitafuta mkalimani, au ilisubiri tu miadi ijayo.