Karibu Baba, Jisikie Uko Nyumbani

Miezi 20 kazini ugenini, na njia nzima ya kurudi nilikuwa na wazo moja tu: nikifika, natulia. Roho itashuka, mabega yatashuka, hata shingo iliyokakamaa itakumbuka kazi yake.

Mlango kafungua kitindamimba wangu. Kaniangalia toka viatu hadi kipara, kasema kwa adabu zote: "Shikamoo. Karibu ukae, Mama anakuja." Nikakaa. Nyumbani kwangu mwenyewe, nimekalia ukingo wa kiti, magoti pamoja, kama nimekuja kukopa.

Usiku ndio nikajua nimekwisha. Mkono wangu unaijua swichi ya chumbani: ukiingia tu, kushoto, usawa wa bega. Nikapapasa. Kabati. Nikapapasa juu kidogo. Bado kabati. Kumbe walilihamisha, swichi ikabaki nyuma yake, na wenzangu wanawasha taa kwa kupenyeza mpini wa fagio kwenye ule mwanya. Mama watoto kaingia, kachomeka mpini huku anaongea mambo mengine kabisa, taa ikawaka. Mimi nilijaribu mara sita, nikaangusha pazia.

Upande wangu wa kitanda una mwenyewe siku hizi: rundo la nguo zinazosubiri kukunjwa. Tukabanana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani walipima watu waliolala mahali pageni, wakakuta usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali fofofo, unabaki lindoni. Sawa, lakini mimi si niko kwangu? Nililinda mpaka alfajiri. Nani atakuja kuiba nguo zisizokunjwa, sijui.

Asubuhi nikajitafutia kazi, maana baba asiye na kazi nyumbani ni kama ndoo katikati ya njia, kila anayepita anakusogeza. Nikaiona meza ya kulia chakula, imewekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Nikaichomoa. Nyumba yenye baba inasimamia karatasi kweli?

Meza ikaanza kucheza. Ukiweka kiwiko huku, vikombe vinaruka kule.

Sikutishika. Meza ya mraba yenye miguu sawa, kama ubaya ni mabonde ya sakafu, hukati mguu. Unaizungusha polepole palepale ilipo, na kabla robo ya mzunguko haijaisha, miguu yote minne inapata pa kukanyaga. Si uchawi, wanahisabati wameshathibitisha. Nikawaita watoto waje waone elimu. Nikazungusha, nikasikiliza, nikazungusha tena. Ikatulia tuli! Nikabonyeza kona moja baada ya nyingine, kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikajisikia baba.

"Baba," binti yangu mkubwa kasema taratibu, kwa ile sauti ya kumwonea mtu huruma, "tulishawahi kuiweka hivyo. Mlango wa uani haufunguki."

Kabla sijajibu, mlango wa uani ukaigonga kona ya meza, kwa! Mama watoto yuko nje, mikono yote miwili imejaa.

"Nani kagusa meza?"

Watoto wote wakaninyooshea kidole. Jana mmoja hakunijua kabisa. Leo ndiye aliyenyoosha wa kwanza.

Karatasi imerudi chini ya mguu, na mimi nimepewa stuli ya miguu mitatu, pembeni, mbali na vyombo. Haki yake niiseme: miguu mitatu haichezi hata sakafu iwe mbovu vipi. Nimekaa. Kitindamimba kaja, kaegemea goti langu kama nguzo tu iliyokuwepo siku zote, kauliza:

"Utaondoka lini?"

Nimemwambia kwanza anifundishe kuwasha taa. Ameenda kuchukua fagio.