Beringi nyepesi kidoleni si lazima iwe beringi ya kudumu

Chukua beringi mbili mpya, uzitie kidoleni moja baada ya nyingine na kuzizungusha. Ya kwanza inateleza muda mrefu kabla ya kusimama. Ya pili inakwenda nusu mzunguko, inatulia, kana kwamba imekaza. Karibu kila mtu ataichagua ya kwanza, nami nilifanya hivyo kwa miaka. Bado naona watu wakichagua botomu braketi, yaani beringi za chini ya fremu zinazoshika ekseli ya krenki (mikono ya pedali), kwa kipimo hicho cha kidole, na kinaniuma, kwa sababu kwa baiskeli ya barabarani inayotumika kila wiki, kwenye jua na kwenye mvua, ile ya pili ndiyo inayofaa.

Kinachoizuia ile ya pili ni vitu viwili: grisi iliyojaa ndani, na sili za mpira, vizuizi vya maji na vumbi, ambazo midomo yake inaigusa pete ya ndani. Ile nyepesi mara nyingi ina grisi kidogo au mafuta mepesi, na sili zake zimeachiwa upenyo mwembamba ili zisisugue chochote. Kidole hakina uzito wa kuonyesha tofauti yoyote ya maana. Ukishafunga krenki na kupanda, nguvu ya miguu yako inaumeza ule msuguano wa sili usiuhisi kabisa. Lakini upenyo ule unabaki pale pale, na maji yanaujua.

Fikiria kazi yenyewe ya botomu braketi. Mwendeshaji anayekanyaga mizunguko 90 kwa dakika anafikisha 5,400 kwa saa. Inaonekana ni mingi, lakini beringi za namna hii zilibuniwa kwa mashine zinazozunguka maelfu kwa dakika moja. Kwetu kasi ni ndogo, mzigo ni mkubwa na unakuja kwa vishindo, kushoto kisha kulia, huku gurudumu la mbele likirusha tope na vumbi moja kwa moja pale chini. Kwa hiyo beringi zetu mara chache hufa kwa kuchoka. Zinakufa kwa maji yaliyoingia, grisi iliyooshwa na kutu iliyochimba njia za gololi. Nimefungua nyingi zilizokufa, na nyingi zilikuwa na kitu kile kile ndani: uji wa rangi ya kahawia uliowahi kuwa grisi.

Ndiyo maana sitilii maanani sana namba ya ABEC inayoandikwa kwenye matangazo. ABEC ni ngazi ya usahihi wa vipimo: 1, 3, 5, 7 na 9. Inaeleza pete zimechongwa kwa usahihi kiasi gani, basi. Haisemi lolote kuhusu sili, grisi wala ubora wa chuma. Usahihi wa ngazi za juu unahitajika kwenye kasi kubwa, na miguu ya binadamu haifiki huko. Mimi nikinunua beringi natafuta kwanza alama ya sili. Herufi 2RS maana yake ni sili ya mpira pande zote mbili. Watengenezaji wengine, kama NTN, huandika LLU kwa sili inayogusa na LLB kwa ile isiyogusa. Kwa botomu braketi nachukua inayogusa. Kisha naangalia jina la kampuni: SKF, NTN, NSK au Enduro. Beringi isiyo na jina, hata ikiwa na ukubwa ule ule, siiamini.

Kuhusu seramiki nina neno, maana ilinigharimu. Beringi nyingi zinazoitwa za seramiki ni chotara: gololi zake ni za silikoni nitridi, lakini pete ni za chuma. Gololi hizo ni ngumu kuliko chuma, laini kama kioo, na hazishiki kutu. Tatizo ni kwamba pete zinashika. Niliweka seti ya namna hiyo kwenye baiskeli yangu, nikafurahi kuona krenki ikizunguka yenyewe kwa muda mrefu. Msimu mmoja wa mvua ulitosha. Sili hazikuwa zinagusa, maji yakaingia, pete zikaota kutu, na zile gololi ngumu zikaanza kuzisaga. Nilipozitoa, gololi zilikuwa safi kabisa, ila njia zake zilikuwa na mashimo. Mkimbiaji wa mashindano ambaye fundi wake anazifungua na kuzipaka upya kila mara anaweza kuzitumia; anatafuta kila sehemu ya wati. Sisi wengine upepo unatunyang'anya nguvu nyingi kuliko botomu braketi yoyote iliyo nzima.

Hata hivyo beringi ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa, ni lile tundu la fremu linaloipokea.

Kwa miongo mingi tundu hilo lilikuwa na hesi, yaani mifereji ya kuskurubia vikombe vinavyobeba beringi. Ile ya Kiingereza, BSA, ina upana wa milimita 68 na kikombe cha kulia kinakazwa kinyume, yaani kuelekea kushoto. Watu wengi wameharibu fremu kwa kutolijua hilo: wanavuta spana upande wa kufungua kumbe wanazidi kukaza. Kinyume hicho kina sababu. Mzigo unapozunguka ndani ya kikombe, kikombe kinajaribu kutambaa upande ulio kinyume na mzunguko wa krenki, na hesi ya kushoto inageuza mtambao huo kuwa wa kukaza. Hesi ya Kiitaliano, ya milimita 70, inakazwa kulia pande zote mbili, na kikombe chake cha kulia kina sifa ya kulegea. Ukiwa na fremu hiyo, kaza sawasawa na ukague mara kwa mara.

Kisha mwaka 2000 kampuni ya baiskeli ya Cannondale ilileta BB30: tundu lisilo na hesi, lenye kipenyo cha milimita 42, beringi zikisindikwa, yaani zikisukumwa kwa nguvu, moja kwa moja ndani ya fremu na kushika ekseli nene ya milimita 30. Wazo lilikuwa zuri, la uzito mdogo na ugumu zaidi. Yakafuata matundu mengine ya kusindika: PF30, BB86, BB90. Yote yanategemea jambo moja, kwamba tundu liwe duara kamili, la kipimo sahihi, na pande zake mbili ziwe kwenye mstari mmoja. Kikombe cha hesi kinaweza kuvumilia kasoro ndogo kwa sababu kinajivuta na kujikaza. Beringi iliyosindikwa haina pa kujificha. Tundu likiwa kubwa kidogo, inacheza na kulia. Likiwa dogo, pete ya nje inabanwa na gololi zinakosa nafasi. Pande zikipishana, beringi mbili zinapigana kupitia ekseli kila unapokanyaga.

Fremu yangu ya kaboni ya wakati huo ilikuwa hivyo. Ililia. Nilibadilisha beringi mara tatu, kila mara nikinunua iliyo bora kuliko ya kwanza, na kila mara mlio ulirudi baada ya wiki chache. Nililaumu pedali, nikalaumu nguzo ya tandiko, nikalaumu mnyororo. Mwishowe fundi mwenye subira alilipima tundu akakuta pande mbili haziko kwenye mstari. Hakuna beringi duniani ambayo ingeponya ugonjwa huo. Kilichosaidia ni botomu braketi ya aina ambayo vikombe vyake viwili vinafungana kwa hesi katikati, ndani ya fremu, na kulazimisha beringi zikae kwenye mstari mmoja. Kwa mwenye fremu ya kusindika inayolia, hiyo ndiyo dawa ninayoipendekeza kabla ya kutumia fedha kwa kingine.

Nafurahi kuona hesi zikirudi. T47, yenye kipenyo cha milimita 47, ilitokea mwaka 2015 na inapokea ekseli nene bila kusindika chochote. Trek, waliotumia BB90 kwa miaka mingi, walihamia huko. Specialized walirudisha BSA kwenye Tarmac SL7 mwaka 2020, na hiyo ni baiskeli ya mashindano ya juu kabisa. Nikinunua fremu leo, hesi ni sharti langu la kwanza, mbele ya uzito na mbele ya rangi.

Jambo moja dogo kwa wenye BB86: tundu lenu lina milimita 41. Msilazimishe humo ekseli ya milimita 30. Nafasi inayobaki ni finyu, gololi zinakuwa ndogo mno na hazikai muda. Ekseli ya milimita 24 inaacha nafasi ya beringi nene, na beringi nene hudumu.

Ufungaji nao unaua beringi nyingi nzuri. Usiigonge kwa nyundo. Ukisukuma pete ya ndani ili pete ya nje iingie kwenye fremu, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinaacha vishimo kwenye njia zake kabla hata hujapanda. Tumia presi inayosukuma pete ya nje. Vikombe vya hesi vya Hollowtech II, mfumo wa krenki wa Shimano, vikazwe kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 50, hesi zikiwa zimepakwa grisi. Lakini kile kifuniko cha plastiki cha krenki ya kushoto kinataka mkono mwepesi, Nm 0.7 hadi 1.5 tu. Wengi wanakikaza kama bolti ya gurudumu, beringi zinabanwa kutoka pembeni, halafu lawama inamwendea mtengenezaji. Na maji ya presha kali yasielekezwe pale hata kidogo.

Kila baada ya miezi michache mimi huondoa mnyororo kwenye meno ya krenki, nashika krenki zote mbili na kuzitikisa upande kwa upande. Zikicheza, kuna kazi ya kufanya. Zikitulia, naweka kidole kwenye bomba la tandiko na kuzungusha krenki polepole. Fremu inabeba mtetemo vizuri, na beringi iliyoanza kuharibika inahisika pale kama mchanga uliosagwa, wiki nyingi kabla ya sikio kusikia chochote. Ya sasa hivi, ya chuma, yenye sili zinazogusa, ndani ya hesi ya BSA, bado ni laini.