Nyundo isiwe ya kwanza kwenye kranki

Tanga ni mji wa baiskeli. Asubuhi pale Ngamiani utamwona huyu na kreti la mikate, yule na madumu ya maji, mwingine anatoka Deep Sea na tenga la samaki, na mzee wa watu anaelekea zake msikitini taratibu, wote juu ya magurudumu mawili. Ndiyo maana inanikera kwamba katika mji kama huu kranki, sehemu inayopokea nguvu yote ya miguu, bado inafunguliwa kwa nyundo na kipande cha nondo karibu kila kijiwe. Mafundi wetu nawaheshimu sana. Wanaokoa baiskeli ambazo kwingine zingeuzwa chuma chakavu. Kwa hili la nyundo, hata hivyo, siwaungi mkono.

Baiskeli nyingi hapa kwetu ni zile nzito za chuma, Phoenix, Avon na za jamii hiyo. Mkono wa kranki yake unashikwa kwenye ekseli, yaani mhimili unaopita katikati ya fremu, na kotapini, kipande cha chuma cha duara kilichochongwa ubavuni kwa mshazari, kikawa kabari. Nyingi zina unene wa milimita 9.5. Ule ubapa unalala kwenye mfuo wa ekseli, na nati ya upande wa pili inaizuia pini isirudi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, kwa hiyo pini na kranki hushikana kwa kutu, na hapo ndipo nyundo inapoitwa.

Pigo la nyundo haliishii kwenye pini. Linapita kwenye ekseli, linashuka kwenye gololi, na gololi zinachimba vishimo kwenye vikombe vyake, yaani vile vyuma vya duara zinamozunguka. Mteja anaondoka na kotapini mpya, anafurahi, halafu baada ya muda anaanza kusikia mkwaruzo katikati ya fremu kila anapokanyaga. Anarudi kubadilisha gololi. Mkwaruzo hauishi, kwa sababu vikombe vimeshaumia. Mwishowe anaambiwa baiskeli imezeeka. Haijazeeka, imepigwa.

Kifaa cha kazi hii kipo, nacho si cha ajabu: jeki ndogo ya kotapini. Ni chuma kinene chenye umbo la herufi U, upande mmoja una bolti nene inayosukuma ncha ya pini, upande wa pili una tundu la kupokea pini inapotoka. Unaikaza kwa spana ndefu, pini inaachia kwa mlio mmoja, gololi hazijui kilichotokea. Vijana wetu wa kuchomelea wanaotengeneza mageti na matela hawashindwi na kitu kama hiki. Ninachowaomba ni wasibanie chuma. Jeki nyembamba itafunguka mdomo kabla pini haijasogea. Bolti nayo iwe ya thredi ndogondogo, ipakwe grisi, maana bolti ya thredi pana inataka nguvu nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Kama hakuna jeki kabisa na mteja amesimama juani, basi angalau kranki isimamishwe juu ya bomba la chuma lililokita chini, pini itokee ndani ya bomba hilo. Pigo litakwenda ardhini badala ya kwenye gololi. Nati iachwe imefika usawa wa ncha ili thredi zisipondeke, na lipigwe pigo moja zito. Mapigo madogo madogo ishirini yanatanua ncha ya pini tu.

Sasa kuna baiskeli za mtumba, zikiwemo za Japani, na hizi zinazidi mjini. Kranki zake hazina kotapini. Ekseli ina ncha ya pembe nne inayosinyaa kuelekea nje, na mkono, mara nyingi wa alumini, unabanwa hapo kwa bolti. Bolti hiyo kwa kawaida ina kichwa cha milimita 14 na imezama ndani ya shimo, kwa hiyo spana malaya haifiki. Inatakiwa soketi yenye kuta nyembamba, au alenki ya milimita 8 kwa zile za aina hiyo. Kisha inakuja pula, kifaa cha kuung'oa mkono huo kwenye ekseli, yenye thredi ya milimita 22 inayoingia kwenye mkono wa kranki.

Hapa kwenye pula ndipo alumini nyingi inapoharibiwa. Lazima bolti itoke pamoja na washa yake. Washa ikisahaulika ndani, pula inaisukuma washa badala ya ekseli. Safisha thredi, tia grisi, ingiza pula kwa vidole mpaka mwisho wake, ndipo ushike spana. Ukiishikisha thredi mbili tatu tu na kuanza kukaza, alumini inang'oka yote, na mkono ule hautatoka tena bila msumeno. Unaponunua pula, zungusha ncha yake ya ndani uone kama inajizungukia yenyewe, na uangalie unene wake. Ncha nyembamba ni ya ekseli za pembe nne. Zile ekseli nene zenye meno zinataka ncha pana.

Yapo makasha ya vifaa yanayouzwa yamepangwa vizuri, vipande vinang'aa, na nusu yake havina baiskeli ya kufungua hapa Tanga. Mimi ningeanza na jeki ya kotapini, kisha soketi ya 14, kisha pula, basi. Spana za vikombe zifuate. Na atakayezinunua akumbuke kwamba kikombe cha upande wa cheni, kwa baiskeli nyingi, kinafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati za kawaida. Wengi wamevunja vikombe kwa kuvizidi kuvikaza wakidhani wanafungua.

Kijiwe chenye mafundi wanne hakihitaji jeki nne. Wakichanga, moja inawatosha wote. Sisi wateja nasi tuache kupunja bei ya fundi anayetumia kifaa sahihi, kwa sababu anatuokolea vikombe, gololi na ekseli.

Kotapini mpya zikishafungwa, angalia pedali kabla hujalipa. Pini mbili zinaingia zikiwa zimepishana mwelekeo, na zikikosewa, kranki haziwi mstari mmoja. Halafu endesha kidogo, nenda mpaka Raskazone urudi. Pini itakuwa imejikalia vizuri na nati imelegea kidogo, kwa hiyo mrudie fundi siku hiyohiyo aikaze tena.