Nani hapa Lubumbashi anaujua muputu?

Nilikuwa mwaka wa pili wa agronomia tulipopelekwa porini kuhesabu miti kwenye kipande cha msitu wa miombo. Tulikuwa na daftari, utepe wa kupimia na majina ya Kilatini tuliyoyakariri usiku kucha. Ilikuwa mwezi wa nane, miti mingi imepukutisha majani. Mbele ya mti wa kwanza tukanyamaza wote. Mzee mmoja mchoma makala, yaani mkaa, aliyekuwa akipita na shoka lake begani, akasimama, akaweka kiganja kwenye gome. "Huu ni muputu, wanangu. Ule kule ni mutondo. Majani mnayangojea ya nini?"

Tangu siku hiyo nina ombi moja: shule za kilimo na vyuo vyetu vya Haut-Katanga vianzishe mashindano ya wanafunzi ya kuutambua msitu, na wachoma makala wakae kwenye meza ya waamuzi.

Wenzetu wanayo. Huko Marekani, vilabu vya wanafunzi wa misitu vya majimbo ya kusini hukutana kila mwaka kwenye mashindano wanayoyaita Forestry Conclave. Kuna kukata gogo kwa msumeno wa watu wawili na kurusha shoka, mambo ambayo watazamaji huyapenda sana. Lakini kinachonivutia mimi ni upande wa pili: mwanafunzi anapima umbali kwa hatua zake tu, anakadiria mbao zitakazotoka kwenye mti uliosimama, kisha anawekewa matawi na matunda ayataje moja moja kwa jina la kisayansi. Maana yake ni kwamba kuujua mti kunapewa alama na kupigiwa makofi. Kwetu kunabaki sura moja ya kitabu, inayosomwa kwa ajili ya mtihani.

Tusinakili mashindano yao. Msitu wetu una maswali yake. Chukua muputu, Brachystegia spiciformis: jani lake lina jozi chache za vijani, yale majani madogo yanayounda jani moja, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Musamba ni ndugu yake, ila vijani vyake ni vingi na vyembamba, jani zima linafanana na unyoya, na gome lake huchunwa kuwa kamba. Mutondo nao unaonyesha maganda yake ya mbegu juu ya majani, yamevaa manyoya laini ya kahawia. Mwanafunzi akishaelezwa hivyo mara moja akiwa amelishika tawi, halisahau tena. Mimi sijasahau.

Halafu kuna vichuguu. Anayetoka mjini kidogo ameviona, vingine vinafika mita 8, na miti inayoota juu yake siyo ile ya pembeni yake. Mpeleke mwanafunzi pale, mwulize kwa nini. Hilo ni swali zuri kuliko kumi ya kukariri.

Jambo ambalo ningelipa alama nyingi zaidi ni chipukizi. Kuzunguka Lubumbashi miti mikubwa imekwisha, sote tunajua ilikwenda wapi, tunapikia bukari, ugali wetu, kila siku. Ila miombo haifi kirahisi: kisiki kikiachwa, bila moto mkali na bila kulimwa, kinachipua. Sasa majani ya chipukizi mara nyingi ni makubwa kuliko ya mti mzima, na mtu aliyezoea picha ya kitabuni anapotea. Asiyejua kwamba kile kijiti cha mita 1 ni mutondo atakifyeka akidhani ni kichaka tu. Na uyoga tunaoungojea mvua ikianza, mwingi wake unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo hiyo.

Kutojua kumeshatugharimu. Miaka ya 2010 malori yalibeba magogo ya mukula kutoka mkoa wetu, safari yake ikiishia China. Mwaka 2019 mti huo, Pterocarpus tinctorius, uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Sawa. Lakini mulombwa, ndugu yake, nao ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Gogo likiwa kwenye lori halina jani wala tunda. Nani atasema hili ni lipi? Mwaka 2022 CITES ikaingiza jamii zote za Pterocarpus za Afrika, na kufanana kwao ni sababu mojawapo. Sheria imejaribu kuziba pengo, lakini bado barabarani anahitajika mtu mwenye macho, na macho hayo yanafundishwa mapema.

Najua wengine watauliza: mchoma makala, yule anayemaliza msitu, ndiye awe mwamuzi? Ndiyo, yeye. Anakata, sikatai, na mimi ni mmoja wa wanunuzi wake. Ila elimu ya gome, ya harufu ya kuni na ya uzito wa mti iko kwake, na watoto wake wengi wako mjini wanatafuta kazi nyingine. Jina la Kibemba au la Kisanga lipewe alama sawa na la Kilatini. Mwanafunzi atakayeandika yote mawili, apate zaidi.

Gharama yake ni ndogo: kamba ya kuzungushia eneo, namba za kubandika mitini, utepe wa kupima mzingo kwenye urefu wa mita 1.30. Duru ya kwanza ifanyike tarehe 5 Desemba, Siku ya Taifa ya Mti, ambapo kwa kawaida tunapanda miche, mingi ikiwa ya kigeni, kisha hotuba, kisha nyumbani. Msimu huo majani yamejaa, kila mtu anaweza kujaribu. Duru ya pili iwe mwezi wa nane, matawi yakiwa matupu, kitabu kimefungwa, kiganja kwenye gome. Na kwenye meza ya waamuzi, karibu na profesa na mzee wa makala, kiti kimoja kiachwe kwa mama anayeuza masuku, matunda ya porini, maana yeye ndiye anayejua mti upi utazaa mwaka huu.