Pole ya robo fainali siipokei

Tangu Jumamosi ya Agosti 23, Uganda yetu ilipotolewa na Senegal kwenye CHAN, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, kila ninayekutana naye hapa Kireka, nje kidogo ya Kampala, ananiambia maneno yaleyale: tushukuru Mungu, tumefika robo fainali. Mkaanga chapati kaniambia. Jirani kaniambia. Hata kijana wa bodaboda aliyenibeba Jumapili asubuhi aligeuza shingo katikati ya barabara ya Jinja ili anifariji. Nawashukuru wote kwa moyo wao, lakini pole hiyo siipokei.

Historia naijua. Kabla ya CHAN hii, iliyochezwa 2025, Uganda ilikuwa imeshiriki mara sita, na mara zote sita tukaishia kwenye makundi. Hata safari hii tulianza kwa aibu, Algeria wakatuchapa 3-0 palepale kwenye uwanja wetu wa Namboole. Kisha Guinea wakala tatu, Niger wakala mbili. Halafu ikaja ile sare ya 3-3 na Afrika Kusini. Tuko nyuma 3-1, watu wameshaanza kuondoka, Allan Okello anafunga penalti, na katika dakika za majeruhi Rogers Torach anafunga nyingine! Tukaongoza kundi. Timu iliyofufuka namna ile haikuwa ya kusindikiza wenzake. Ndiyo maana nilipomchukua mpwa wangu wa miaka tisa kwenda kuona mechi na Senegal, nilikwenda kuiona Cranes, timu yetu ya taifa, ikishinda. Kwamba Senegal ndio waliokuwa wakishikilia kombe halikunitisha hata kidogo.

Dakika ya 62 Oumar Ba akafunga. Moja tu, na moja hiyo ilitosha.

Vuvuzela zilikatika zote kwa pamoja. Kimya kile nakifahamu, nilikisikia Oktoba 2012 katika uwanja uleule, tulipowafunga Zambia 1-0 kulipiza bao walilotufunga kwao Ndola, kisha wakatutoa kwa penalti, 9-8. Nilikuwa kijana, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani bila kusema na mtu. Safari hii nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto. Alikuwa ananiuliza, "Mjomba, tutasawazisha?" na mimi nikawa namjibu ndiyo, ndiyo, mpaka filimbi ya mwisho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bao lenyewe.

Jirani zetu nao waliumia. Siku moja kabla, Kenya walitolewa na Madagascar kwa penalti Kasarani, na Tanzania wakafungwa 1-0 na Morocco jijini Dar es Salaam. Mashindano yameitwa Pamoja, wenyeji watatu, na kwa siku mbili tukalia pamoja kweli.

Lakini nirudi kwetu. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao. Vijana wale hatukuwaazima Ulaya, ni wa kwetu wa kila wiki. Basi nauliza, sisi tuliojaza Namboole kwa jezi na rangi usoni, wiki za kawaida tunakuwa wapi? Nimekwenda mechi za ligi ambapo ningeweza kuhesabu watazamaji wa jukwaa zima kabla ya mapumziko. Mchezaji aliyezoea kusikia sauti ya kocha wake kutoka upande wa pili wa uwanja, tunamtupa ghafla mbele ya umati unaomdai historia, tena na bingwa mtetezi mbele yake. Akipaparika mbele ya goli tunashangaa. Mimi nimeacha kushangaa. Umati nao huzoewa, na hatukuwapa nafasi ya kuuzoea. Katika kipigo hiki naona na mkono wangu umo, kwa kila Jumamosi niliyokaa kibandani kutazama ligi ya Uingereza.

Jumanne nusu fainali ikachezwa Namboole, Senegal na Morocco. Sikuwa na moyo wa kwenda. Jioni mpwa wangu alikuja kukaa nami mlangoni, akaniuliza Okello akitoka timu ya taifa anachezea wapi. Nikamwambia Vipers, kule Kitende, barabara ya Entebbe. Akataka kujua ni mbali kiasi gani. Ni taksi mbili, nikamwambia, unabadilishia mjini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ligi inaanza lini.