Mama mkwe alivyoziba korongo kule Arizona

Ukifika Antelope Canyon kitu cha kwanza unasomewa sheria. Hakuna kuingia na begi, iwe mkoba, iwe la mgongoni, iwe kile kidogo cha kiunoni, chakula hapana, stendi ya kamera hapana, fimbo ya selfi hapana, kurekodi video hapana, picha tu ndo ruksa. Nikamtafsiria mama mkwe vizuri kabisa pale parking, akaitikia "sawa baba, nimekuelewa," akarudi kwenye gari kuacha mkoba wake. Akakaa mule ndani muda mrefu kweli. Mi nikajua anasali.

Ngoja niwaweke sawa kidogo. Mama alitoka Mwanza kuja kumwona mjukuu, mwezi wa Desemba, mke wangu akasema haiwezekani mama afike Marekani arudi kaona Phoenix na supamaketi peke yake, na mimi nilikuwa na kamera mpya inaniwasha mikono, nikapata watu wanaotembeza wapenda picha kwenye makorongo, msimu wa baridi watalii wanapungua na bei inapoa, basi mke akabaki na mtoto, sisi wawili huyooo barabarani. Wale wa Kanda ya Ziwa mnaojua mila mshaanza kucheka. Mkwe na mama mkwe gari moja, kilomita mia nne na ushee! Kwetu mama mkwe hata mkono humpi, mkikutana njiani unachepuka. Mama akakaa siti ya nyuma kabisa upande wa pili, mtandio hadi usoni, na mimi kile kioo cha kati nikakigeuzia dirishani ili tusitazamane kwa bahati mbaya. Tukapita Flagstaff, mji uko juu kama mita 2,100, theluji imejaa pembeni, mama akauliza kitu kimoja tu: "Mkwe, hapa watu wanalima nini?" Sikuwa na jibu. Tukaendelea kimya hadi Page, mji ulio jirani na korongo.

Sasa watu wakisikia jangwa akili inakimbilia joto. Page ipo mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, Desemba usiku maji yanaganda, asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni. Mama akashuka kavaa taiti, sketi, kitenge juu ya sketi, masweta mawili, jaketi la mke wangu, halafu juu ya hilo jaketi langu mimi. Nikaona kanenepa kuliko alivyoingia kwenye gari ila ndo hivyo, mkwe unaanzaje kumkagua mama mkwe kiuno?

Mwongozaji wetu alikuwa binti wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, maana ile ni ardhi yao, bila mwongozaji huingii. Kuna korongo la juu na la chini, la juu limepanuka chini likabana kwa juu, la chini ni kinyume chake, juu wazi huku chini panabana hadi sehemu nyingine unaweka mguu mmoja mbele ya mwingine. Sisi tulikata tiketi ya la chini. Na ule mwale wa jua mnaouona kwenye picha, unaoshuka kama bomba, usiutafute Desemba, hata kwenye lile korongo la juu, jua la kipupwe liko chini mno halifiki sakafuni, wenyewe wanasema msimu wake ni kuanzia Machi hivi mpaka Oktoba. Lakini rangi jamani! Mwamba ni mchanga ulioshikana, maji yameulamba hadi umekuwa mawimbi, juu rangi ya chungwa, chini zambarau ya ajabu. Binti akatufundisha usiingize anga kwenye picha litaungua lote jeupe, panda ISO (yaani ongeza kamera uwezo wa kunasa mwanga), egemeza kiwiko maana stendi hakuna, betri ya akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inainyonya. Simu za watu alikuwa anazichukua mwenyewe, anabonyeza mara mbili, picha inatoka ya kalenda. Mi na kamera yangu ya gharama nikawa natoa kiza.

Akatuonyesha mwamba unaoitwa Lady in the Wind, mwanamke nywele zinapeperushwa na upepo. Mama akautazama, "Na baridi hii kichwa wazi?"

Akatuhadithia pia mafuriko ya tarehe 12 Agosti 1997, mvua ilinyesha mbali huko, pale korongoni wala hawakuwa nayo habari, maji yakaja yakaua watalii 11. Ngazi za chuma zilizopigiliwa mwambani leo ni za baada ya hapo. Mama akauliza binti anasema nini, uso umembadilika. Nikamwambia anasema tutembee kwa uangalifu.

Sasa tukafika pale. Kona ya kuingia ubavu ubavu. Binti kapita, mama akafuata, akaingiza bega, akaingiza kifua, halafu akanasa. Kanasa kabisa, kama gunia la mkaa kwenye mlango wa daladala. Akajitikisa, ikasikika kooo, kitu kigumu kimegonga jiwe. Binti akauliza hiyo sauti ya nini. Mama bila hata kugeuka: "Mwambie ni mwili."

Nikamwambia ni mfupa.

Nyuma yangu foleni imesimama, njia ni ya kwenda tu hakuna kurudi, na kundi lingine linasikika linakuja. Binti akamshika mama mkono anavuta, akaniambia msukume kwa nyuma. Nimsukume nani? Wapi? Nikasimama mikono juu kama niliyekamatwa na polisi. Akarudia, sukuma. Nikamwambia dada, huyu ni mama mkwe wangu, mama wa mke wangu, siwezi kumgusa.

Yule binti akaachia mkono akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hata kwao Wanavajo, mila za wazee, mwanaume haruhusiwi hata kumtazama mama mkwe, akimtazama anapofuka macho, na zamani wakina mama wakwe walikuwa wanavaa vikengele ili mkwe akisikia mlio akimbie. Nikamtafsiria mama, palepale aliponasa, na nakwambia sijawahi kumwona mama kafurahi vile. "Kumbe hawa ni watu!" akasema.

Ikabidi nijibanze ukutani, bibi mmoja wa kizungu nyuma yangu akapita, akakunja mikono ya koti akapiga magoti kidogo akasukuma. Wapi. Ndo mama akaomba tusubiri, akaingiza mkono chini ya majaketi, akaanza kutoa. Ikatoka chupa ya chai, ile ya lita nzima, ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kanga. Hiyo ndo "mwili". Akampa binti. Yakatoka maandazi kwenye foili. Ikatoka Biblia. Zikatoka dawa za presha, kopo la mafuta ya kujichua, na kandambili. Kila kikitoka kitu foleni inapiga makofi, binti kule mbele mikono imejaa, sheria zake zote kazikumbatia mwenyewe. Kandambili zilipotoka mama akachomoka.

Video hakuna, sheria ni sheria, ila picha kila mtu alipiga isipokuwa mimi. Yangu betri ilikuwa imekufa, na ile ya akiba iko mfuko wa ndani wa jaketi langu, na jaketi langu kalivaa mama. Nitaingizaje mkono?

Tulipotokeza juu, unatoka kwenye ufa tu ardhini hata huamini kama chini kuna kitu, mama akapanga chai juu ya boneti, binti akala maandazi manne akauliza yanapikwaje, mimi mkalimani wa hamira na iliki kwenye upepo ule. Usiku mama akampigia mke wangu akamwambia nimemwacha mzungu anamsukuma huku mimi nimesimama naangalia. Nikasema sikuangalia, nilifumba macho. Mama akajibu ndo maana sijapofuka.

Bado yupo kwetu hadi mwezi ujao, na sasa kila akitaka kuja sebuleni anatikisa funguo za gari langu kwanza, anasubiri nipotee.